Bangili za Maji ya Ufizi

Jumanne, 8 Machi 1966

Baba Nyakio ameondoka asubuhi na msafara wa jeshi kwenda Wajir. Kaenda kupima watu vinywa. Yeye ni fundi wa meno bandia, na hata vitani watu wanang'oka meno. Alimpa Nyakio kidole, mtoto akakishika, akakataa kukiachia. Ikabidi nimbandue. Moyoni nilisema, shika mama, usimwachie. Tangu vita vya shifta, njia ya Wajir si njia.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mama mkwe akija kutoka Nyeri atataka kusoma, na yeye anasoma Kikuyu tu. Mtoto kapewa jina lake, ndivyo desturi yetu. Kwa hiyo nina mama mkwe mwingine humu ndani, hana jino hata moja, na tayari ananiamrisha.

Baba Nyakio kaniachia chupa. Chupa ya kahawia, ndani mna maji ya kutengenezea ufizi wa meno bandia. Yeye huyaita monoma. Mimi nayaita maji ya ufizi. Hukandwa na unga wa rangi ya waridi, yakaumuka kama donge la chapati, kisha yakawa magumu kama jiwe. Chupa inakaa kwetu kwa sababu stoo ya kazini ni mabati matupu. Joto la Garissa liliingia kwenye chupa ya kwanza, maji yakajigandisha yenyewe, chupa ikapasuka kama yai. Hii ya pili ndiyo iliyobaki. Kaifukia kwenye mchanga wa majimaji, pembeni, nyuma ya mtungi.

Akifunga viatu alinipa masharti, akataka niyarudie. Nikarudia. Isikae juani. Isifunguliwe penye moto, hata kiberiti, maana mvuke wake ni mzito, hutambaa chini kama nyoka akitafuta moto. Isifunguliwe dirisha likiwa limefungwa. Isiguswe kwa mkono mtupu. Isihamishiwe chombo kingine. Unga ukae mbali nayo. Ikimwagika, watu nje, mtoto kwanza. Ikiwaka, mchanga, si maji.

Nilitaja yote bila kukosea. Darasa la nne, lakini kichwa kipo. Alifurahi, akapanda lori. Hakuniuliza kama nitayafuata.

Jioni. Nimehesabu alama za mbu usoni mwa Nyakio, nikaacha kuhesabu. Mwezi uliopita tulizika mtoto wa dereva kwa homa. Kijeneza chenyewe kilibebwa na mtu mmoja. Duka la Mzee Alio lina chandarua kimoja tu, na tangu barabara ziharibike hakuna kingine kitakachokuja. Mimi sina cha kukinunulia. Zilpah, mke wa Mwalimu Mutiso wa nyumba ya pili, anakitaka pia. Hana mtoto. Nilimuuliza cha nini basi, akasema mbu hawaulizi umri.

Tangu hapo nawaza. Wanawake wa hapa wanapenda bangili, na bangili nazo haziji. Nina unga wa waridi kwenye kopo. Nina maji. Mikono ninayo.

Kidogo tu. Hatajua.

Jumatano, 9 Machi

Nimefunga dirisha. Najua. Lakini Zilpah ana pua ya fisi na angeuliza.

Nilimimina kwenye bakuli, nikatia unga, nikakoroga na mwiko. Kwanza kama uji. Kisha nyuzi nyuzi. Kisha donge zuri, laini, ungetamani kulifunika kwa kanga. Glavu za Baba Nyakio zilinipwaya nikazivua. Nikalikanda kwa mikono kama chapati za Krismasi, nikalisokota, nikalizungushia kopo la maziwa ya unga. Bangili sita. Rangi ya waridi yenye vinyuzi vyekundu ndani. Nikaziweka juani juu ya paa la choo.

Harufu. Tamu na kali, kama nanasi lililooza ndani ya pipa la rangi. Kichwa kikaanza kugonga. Nikamtazama Nyakio. Kalala. Nikafurahi kwamba hanisumbui. Nikakanda tena. Nikamtazama tena. Kalala bado, na ni saa yake ya kunyonya, na huyu saa yake ya kunyonya hajawahi kuikosa tangu azaliwe.

Nilimwinua. Kichwa kikaanguka nyuma kama cha mwanasesere.

Sijui nilipitaje mlangoni. Nilijikuta nje ya seng'enge kwa Batula, jirani yetu anayetuuzia maziwa ya ngamia. Alikuwa anatia moshi kibuyu chake. Alimpokea, akamgeuzia uso kwenye upepo, akampuliza, akamvuta sikio. Nyakio akapiga chafya. Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu namna hiyo. Macho yake mekundu. Nilikaa chini mchangani.

Batula aliniuliza nilikuwa nafanya nini ndani. Nikasema nafagia. Akanusa kanga yangu. Akasema, "Abaayo, dada, hiyo fagio yako imekufa siku nyingi." Akasema Ijumaa mtoto anatimiza arobaini, na kwa kuwa mama yangu hawezi kupita barabara hii, yeye ndiye mama. Atakuja na uunsi, ubani wao wa kufukiza, aitakase nyumba na kitanda na sisi wawili. Nikasema asante. Batula naye ana mtu njiani. Kaka yake Jelle yuko na ng'ombe upande wa Ijara na hajasikika tangu mwezi uliopita. Tulimtazama mtoto.

Nimeapa sitaikaribia chupa hiyo tena.

Alhamisi, 10 Machi

Vidole vimevimba na kupasuka pasuka. Vinawasha mpaka nimevikuna kwenye ukuta. Nilimwambia Zilpah ni sabuni. Akasema basi nimpe jina la sabuni hiyo aikwepe.

Bangili moja imeshikana na kopo, haitoki. Moja ina mapovu ndani kama mandazi. Nne nzuri. Nikazifunga kwenye leso, nikambeba Nyakio mgongoni, tukaenda kwa Mzee Alio. Chandarua kilikuwa bado kinaning'inia. Nilipumua.

Nilimwambia Mzee Alio kwamba nina bangili za kisasa kutoka Nairobi. Akachukua moja. Akaitazama kwenye mwanga. Akanusa. Kisha akafunua kinywa, akatoa meno yake yote ya juu, akayaweka kaunta kando ya bangili.

Rangi moja. Vinyuzi vilevile.

Bila meno maneno yake yalitoka na upepo mwingi, lakini niliyaelewa. Alisema, "Mama, hawa ni ndugu, tumbo moja." Akasema alipowekewa hayo meno mume wangu alimpa hotuba nzima, yasitiwe maji moto, yasilaliwe. Akauliza kama bangili nayo inavuliwa wakati wa kulala na kutiwa kwenye glasi. Zilpah alikuwa nyuma yangu anapima sukari. Alicheka mpaka sukari ikamwagika. Akasema mke wake Mzee Alio akivaa moja mkononi, mzee akimkasirikia aangalie asije akaumwa.

Mzee Alio aliyarudisha meno kinywani na uso ukabadilika. Alisema kwa upole kwamba hawezi kuuzia mwanamke yeyote ufizi avae. Zilpah akanunua chandarua. Mbele yangu. Akakikunja taratibu, kona kwa kona.

Kabla hatujatoka akaingia dereva mmoja akasema gari la msafara wa Wajir limekanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Gari gani, hajui. Nani, hajui. Zilpah alinishika kiwiko. Nilikivuta.

Nyumbani nimekaa na kidole changu mkononi mwa Nyakio. Kinawasha. Sikukitoa.

Nimefikiri hivi. Kosa halikuwa bangili. Kosa lilikuwa rangi. Baba Nyakio ana unga mweupe pia, wa meno yenyewe. Bangili nyeupe ni kama pembe za ndovu. Kuna chandarua cha pili pale kambini kwa mke wa sajini, na yeye anapenda vitu vya pembe. Nimemimina maji kidogo kwenye kikombe cha bati, nimefunika kwa kisahani, nimesukuma uvunguni mwa kitanda. Nitakanda kesho Batula akishaondoka. Nimeapa kuhusu chupa. Hiki ni kikombe.

Ijumaa, 11 Machi

Naandika nikiwa kwa Zilpah. Kwetu kuna majivu.

Batula alikuja asubuhi na dabqaad, kile chetezo chao cha udongo, makaa yamewiva, ubani juu. Alivaa vizuri kwa ajili yetu. Alileta maziwa. Alinibariki kwa maneno ambayo sikuyajua lakini niliyaelewa. Akasema mama na mtoto wakae kitandani, naye atazungusha moshi kuanzia mlangoni, kisha atakiweka chetezo sakafuni kando ya kitanda ili moshi uniingie nguoni. Ndivyo inavyofanywa kwao. Mwanamke hatoki arobaini bila moshi.

Nilijua. Tangu alipopita mlangoni nilijua. Kikombe kilikuwa uvunguni, chumba kilikuwa na joto la tanuri, na ile harufu ya nanasi ilikuwa imejaa chini. Ningesema neno moja. Lakini ningeulizwa kwa nini nilificha, na mama huyu aliyeacha kazi zake akaja kuniletea heshima angeondoka na chetezo chake. Nikaona haya. Nikajiambia kisahani kimefunika.

Alipoinama kukiweka chini, moto ulikuja wenyewe. Haukuanza kwenye chetezo. Ulianza sakafuni, bluu, ukakimbia kama mtu aliyeitwa, ukaingia uvunguni. Kisha vuu.

Batula alimnyakua Nyakio kabla sijafunga mdomo. Alimfunika kwa shuka lake akapita naye mlangoni. Mimi nikachukua mtungi nikamwaga maji. Moto ukapanda juu ya maji ukaogelea nayo hadi kwenye mkeka. Si maji. Niliyataja mwenyewe, si maji. Aliyeingia na karai la mchanga ni Zilpah. Kisha karai la pili, na la tatu, ananitukana kwa Kikamba bila kupumzika. Moto ukafa.

Kitanda kimekwisha. Mkeka umekwisha. Chupa kubwa ilikuwa kwenye mchanga wake, salama, kana kwamba haituhusu. Batula kaungua mkono wa kulia, wa kukamulia. Nyakio hana hata alama.

Nilitaka kumpigia magoti Batula. Sikupata nafasi. Doria iliona moshi. Walikuta nyumba ya mfanyakazi wa serikali imeungua, na mama Msomali mlangoni, mtoto mkononi, chetezo cha makaa alichokitoa ndani miguuni pake. Hawakuuliza la pili. Walimchukua yeye na chetezo chake. Alimkabidhi Nyakio kwa Zilpah, si kwangu. Akaniambia, "Mama Nyakio, nyonyesha." Basi.

Nilisimama pale. Nilifungua mdomo. Nilisema tu kwamba ni jirani. Askari akasema ndiyo, majirani ndio wanaochoma.

Nyakio amelala ndani ya chandarua. Cha Zilpah. Mbu wanakizunguka nje na kuondoka. Ni kitu kizuri kuliko nilivyofikiri.

Jumamosi, 12 Machi

Nimekwenda kituoni. Zilpah alisema nisiende, wataniuliza mume wangu anafanya nini na maji ya kulipuka, na kazi itamtoka. Nikasema, kama yuko hai kazi atapata nyingine. Ndiyo mara ya kwanza kulisema neno hilo, kama. Zilpah akavaa kitambaa akanifuata.

Kulikuwa na koplo mezani. Chetezo cha Batula kilikuwa mbele yake kama bunduki. Batula mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nje, mkono umefungwa kwa kitambaa cha shuka lake. Hakunitazama.

Nilimwambia koplo moto ule ni wangu. Akasema mama, maji gani yanawaka. Akasema nimetishwa nimtetee. Basi nikamwambia yote, jinsi nilivyofundishwa. Isikae juani: nilianika kwenye paa la choo. Isifunguliwe dirisha likiwa limefungwa: nililifunga, mtoto akalegea kama kitambaa. Isiguswe kwa mkono mtupu: nikamwonyesha vidole. Isihamishiwe chombo kingine: kikombe cha bati. Unga ukae mbali: niliuweka kando yake uvunguni. Isikaribie moto, mvuke hutambaa: huyu mama hakujua, mimi nilijua, nikanyamaza kwa haya. Ikiwaka mchanga, si maji: nilimwaga maji. Nikasema hakuna sharti hata moja ambalo sikulivunja. Kama kuna wa kufungwa, awe mimi, na mtoto aje nimnyonyeshe humo humo.

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Akasema hajawahi kusikia hiyo dawa. Akataka shahidi.

Shahidi alikuwa mlangoni. Mzee Alio, Zilpah alikuwa amempitia dukani. Alisalimu vizuri. Akasogea mezani. Nikajua anachotaka kufanya, nikafumba macho. Nilisikia tu kitu kikigonga mbao. Nilipofumbua, meno yake yalikuwa juu ya meza ya serikali, na kando yake bangili, ile yenye mapovu, ambayo Zilpah aliibeba kutoka kwetu.

Koplo alitazama moja, akatazama nyingine. Akanusa vidole vyangu akapiga chafya. Akaomba kwa heshima meno yaondolewe.

Batula aliachiwa mchana, na chetezo chake. Tulitembea sote wanne. Kwenye seng'enge nikamwambia nisamehe, mama. Alirekebisha kitambaa cha mkono wake. Kisha akasema mambo ya arobaini yameharibika, itabidi ayafanye upya, na safari hii kwake. Nje. Upeponi. Na mimi nikae mbali, naye Zilpah akague mifuko yangu.

Nitamkamulia ngamia mpaka mkono upone. Nimemwambia. Alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema ngamia wake wana akili.

Jumapili, 13 Machi

Hakuna habari ya msafara. Tulisimama barabarani na wake wengine tangu misa ilipoisha. Batula alisimama nasi. Hakuna aliyemfukuza.

Alhamisi, 17 Machi

Amerudi.

Lori lilikuja limejaa vumbi, akashuka akiwa wa mwisho, nikadhani hayumo. Gari lililolipuka lilikuwa la mbele yake. Dereva kafa. Alisema alikuwa amempima meno usiku wa kuamkia safari, na alama ya kinywa chake ya plasta imo begini. Alimpa Nyakio kidole. Mtoto akashika. Safari hii sikumbandua.

Alikiona kitanda. Aliviona vidole. Nilisema yote, kwa mpangilio. Sikuogopa kelele, naye hakuzipiga. Aliniuliza tu masharti ni yapi. Nikayataja bila kukosea. Akafunika uso kwa mikono na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akachukua chupa akaenda kuizika kwa Batula, chini ya kivuli, mbali na mimi.

Nimeahidi. Safari hii kwa Biblia.

Jumamosi, 19 Machi

Zilpah anataka chandarua chake Jumatatu. Ana haki. Nyakio akilala ndani yake hunyoosha miguu kama tajiri. Usiku wa jana nilimtazama nikaona uso hauna alama hata moja mpya.

Mwalimu Mutiso analalamika tena kuhusu chaki. Haijaja tangu Januari, watoto wanaandika mchangani kwa vidole. Zilpah anasema akisikia neno chaki mara nyingine atahama.

Na begi la Baba Nyakio lina mfuko wa plasta. Unga mweupe wa kuchukulia alama za vinywa. Nilimuuliza. Haiwaki. Hainuki. Ukitia maji inaganda, basi. Chaki ni nini kama si hiyo? Chaki boksi zima kwa chandarua kimoja, Zilpah atakubali kabla sijamaliza kusema. Baba Nyakio alikuwa ameanza kutaja masharti ya plasta, lakini aliitwa kazini. Yatakuwa madogo.

Dirisha liko wazi. Moto hakuna. Mtoto yuko kwa Batula, upeponi. Nimejifunza.

Nimetia plasta kwenye karai, maji, nikakoroga kwa mkono kwa sababu mwiko uliungua. Nikapumzika kidogo nikiwaza nitafungia wapi kamba ya chandarua.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya karai. Plasta imeshika hadi kwenye kifundo na inazidi kupata joto. Zilpah anabisha hodi. Nimemjibu niko kwenye maombi.